Mashine Iko Mbali, Bili Iko Hapa: Historia Fupi ya Kuchunga GPU Kutoka Nyeri

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe, halafu tuingie kwenye historia.

Ijumaa moja ya Julai, saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimekaa kwenye ofisi yetu ndogo hapa mjini Nyeri. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa Julai unaofanya hata wenyeji wavae makoti mawili. Tulikuwa tumekodi mashine moja ya wingu yenye GPU, kwa takriban dola 3 kwa saa, ili tufunze modeli ya kutambua kutu kwenye majani ya kahawa kutokana na picha za simu. Nikaanzisha kazi. Nikaona namba za kwanza zikipita kwenye skrini. Nikafunga laptopu, nikapanda matatu ya Karatina nikaenda nyumbani.

Jumatatu saa moja asubuhi nilifungua laptopu nikakuta programu ilikufa Ijumaa ileile, dakika 20 baada ya mimi kuondoka. Diski ilikuwa imejaa. Basi GPU ilikaa bure wikendi nzima, kama duka lililofunguliwa, taa zinawaka, na hakuna mtu ndani. Hesabu ni rahisi: saa 62 mara dola 3 ni dola 186. Dola ilikuwa kama shilingi 129, kwa hiyo ni karibu shilingi 24,000 zilizoteketea bila kufunza kitu.

Mkubwa wangu kazini hakunifokea. Aliuliza swali moja tu: "Kijana, kwani ulikuwa unaiangalia na nini?"

Sikuwa na jibu. Na kila nikilifikiria swali lile naona si langu peke yangu. Sisi tunaoishi huku kwenye ncha ya waya, Nyeri, Nanyuki, Embu, Meru, tumekuwa tukitumia mashine zilizo mahali pengine tangu kompyuta zitufikie. Kwa hiyo historia ya kuchunga mashine ya mbali ni historia yetu, hata kama vifaa vyenyewe vilitengenezwa ng'ambo. Hebu tuipitie.

Mashine ikiwa chumbani

Kwanza, kwa nini jambo hili ni gumu? Kwa sababu zamani halikuwa gumu. Mwaka 2012, modeli ya AlexNet iliyoanzisha wimbi hili la sasa la akili mnemba ilifunzwa kwa kadi mbili za GTX 580, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3 tu. Kazi ilichukua siku tano hadi sita, na mashine ilikuwa nyumbani kwa wazazi wa Alex Krizhevsky, mwanafunzi wa Toronto. Mashine ikiwa chumbani mwako huhitaji kifaa cha kuichunga. Feni ikipiga kelele, inafanya kazi. Ikinyamaza, kuna tatizo. Chumba kikipata joto, modeli inasonga.

Mashine ya wingu haina feni unayoisikia. Inayo, lakini inalia Virginia au Ireland. Ukishaondoa sauti na joto, unabaki na namba tu, na namba lazima zisafiri.

Herufi 30 kwa sekunde

Wa kwanza kulipata tatizo hili hawakuwa Waafrika. Mwaka 1976 Bill Joy, akiwa mwanafunzi Berkeley, California, alianza kuandika kihariri kilichokuja kuitwa vi. Alikuwa akifanya kazi kupitia modemu ya bodi 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini moja iliyojaa herufi ingechukua zaidi ya dakika moja kuchorwa upya! Ndiyo maana amri za vi ni herufi mojamoja. Mtu anayemlaumu vi kwa ugumu wake hajawahi kufanya kazi kwenye waya mwembamba.

Mwaka 1987 ikaja GNU Screen, programu inayokuwezesha kuacha kazi ikiendelea upande wa pili hata simu ikikatika, kisha urudi uikute. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki akaandika SSH, baada ya mtu kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo. Mwaka 2007 ikaja tmux, mdogo wake Screen. Mwaka 2012 watu wa MIT wakatoa Mosh, ambayo inavumilia laini inayokatika na hata wewe ukihama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine.

Angalieni jambo moja hapo. Screen, tmux na Mosh, kila moja inakubali kwamba laini inaweza kukatika, na inakataa kupoteza kazi kwa sababu hiyo. Likumbukeni hilo, tutalirudia mwishoni.

Kutoka Longonot hadi Mombasa

Kwetu laini haikuwa nyembamba tu, ilikuwa pia ndefu kuliko kawaida. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa karibu miaka 40 mawasiliano mengi ya Kenya na nchi za mbali yalitegemea setilaiti. Sasa, setilaiti ya aina hiyo inakaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ujumbe unapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: hiyo ni kama kilomita 144,000. Hata mwanga wenyewe unahitaji karibu nusu sekunde kumaliza safari hiyo.

Nusu sekunde haionekani kubwa ukisoma ukurasa wa wavuti. Lakini ukiwa kwenye SSH, kila herufi unayobonyeza inakwenda kwenye mashine ya mbali na kurudi ndipo uione kwenye skrini. Jaribu kuandika jina lako huku kila herufi ikichelewa nusu sekunde. Utafika herufi ya nne umeshasahau ulikosea wapi.

Halafu mwaka 2009 mambo yakabadilika. Mkongo wa Seacom uliwashwa Julai 2009, na mkongo wa TEAMS, ambao serikali ya Kenya ilikuwa miongoni mwa wenye hisa, uliingia Mombasa mwaka huohuo. EASSy ukafuata mwaka 2010. Nyaya za nchi kavu zikaendelea kupanda kutoka pwani, Nairobi, hadi huku kwetu mlimani. Nusu sekunde ikashuka hadi kama robo sekunde kwenda Marekani, na chini ya hapo kwenda Ulaya. Bado unahisi herufi ikichelewa, lakini kazi inafanyika.

GPU ya kukodi

Novemba 2010, mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya Seacom kuwashwa, Amazon ilianza kukodisha mashine zenye GPU. Kila moja ilikuwa na kadi mbili za Nvidia Tesla M2050, na bei ilikuwa dola 2.10 kwa saa. Kwa shilingi za wakati huo, hiyo ni kama 170 kwa saa. Mashine zenyewe zilikuwa Virginia.

Hebu fikirieni maana yake kwa mtu wa Nyeri. Kununua kadi ya aina ile, kuisafirisha, kulipia ushuru, kisha kuilinda na stima inayopotea bila kuaga, hiyo ilikuwa ndoto. Lakini shilingi 170 kwa saa? Hata mwanafunzi anaweza kuchanga na wenzake. Ajabu ni kwamba mlango ulifunguka kwa tajiri na maskini siku ileile.

Ila mlango huo ulikuwa na mita. Kwa miaka mingi Amazon walihesabu kwa saa nzima: ukitumia dakika tano, unalipa saa. Ni Oktoba 2017 ndipo walipoanza kuhesabu kwa sekunde kwa mashine za Linux. Na mita haijali kama GPU inafanya kazi au imelala. Mtu mwenye kadi yake akiisahau wikendi anapoteza stima kidogo. Mimi nilipoisahau nilipoteza shilingi 24,000. Ndiyo maana kuchunga mashine si anasa kwetu, ni sehemu ya bei.

Mwaka 2015, Nyeri

Mwaka 2015 ulikuwa na mambo matatu ambayo wakati ule hakuna aliyeyaweka pamoja.

La kwanza: Aprili 2015 Safaricom ilihamishia mitambo ya M-Pesa hapa Kenya kutoka Ujerumani. Naam, tangu 2007 mama mboga wa Karatina alikuwa akilipwa kupitia mashine zilizo maelfu ya kilomita kutoka sokoni. Mashine ya mbali haikuwa jambo la wataalamu, sote tulikuwa tukiitumia.

La pili: mwisho wa mwezi huohuo wa Aprili, Microsoft walitangaza kihariri kipya cha msimbo cha bure kilichoitwa Visual Studio Code. Wengi hawakukitilia maanani. Kihariri kingine tena?

La tatu lilitokea kilomita chache tu kutoka hapa nilipo. Juni 2015, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kwenye barabara ya Mweiga, kilipokea mafunzo na warsha ya kwanza ya Data Science Africa. Chuo chenyewe kilianza kama Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi miaka ya 1970, kikapata hati ya chuo kikuu kamili Desemba 2012. Miongoni mwa walioianzisha shughuli ile walikuwa Ciira wa Maina wa chuo hicho, Neil Lawrence aliyekuwa Sheffield, Uingereza, na watu wa Makerere, Kampala. Baadaye ikaenda Kampala 2016, Arusha 2017, ikarudi Nyeri 2018.

Kwa habari yetu ya leo, la muhimu ni kifaa walichofundishia: madaftari ya Jupyter. Daftari la Jupyter ni ukurasa kwenye kivinjari, lakini hesabu yenyewe inafanywa na mashine iliyo popote. Mwanafunzi mwenye laptopu ya mtumba ya gigabaiti 2 anaweza kuendesha kazi kubwa, mradi kivinjari kinafunguka. Google nao wakaja na Colab mwaka 2017, daftari la aina hiyohiyo, na muda mfupi baadaye likawa linatoa GPU bure. Wengi wa kizazi changu tuligusa GPU kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, tukiwa chuoni, na bando la usiku.

Lakini daftari hilo la bure lilikuwa na ugonjwa wake. Kivinjari kikikaa muda mrefu kimefungwa, au intaneti ikipotea muda mrefu, kikao kinafungwa na kazi inakufa. Nakumbuka kuiacha laptopu wazi usiku kucha juu ya meza, nimeweka kitabu kisibonyezwe kitu, ili modeli imalize. Tulikuwa tunachunga kivinjari badala ya kuchunga mashine!

Kihariri kinavuka bahari

Mei 2019 ndipo VS Code walipotoa viendelezi vya kufanya kazi kwa mbali kupitia SSH. Niwaelezeni kinachofanyika, kwa sababu ndicho kilichobadilisha kazi zetu huku.

Kihariri kinagawanyika vipande viwili. Kipande cha kwanza, madirisha na maandishi unayoyaona, kinabaki kwenye laptopu yako. Kipande cha pili, seva ndogo, kinajisakinisha kwenye mashine ya mbali na kukaa karibu na mafaili, terminali na GPU. Ukibonyeza herufi kwenye faili, inatokea palepale, kwa sababu haingoji kuvuka bahari ndipo uione. Vinavyovuka ni vitu kama faili ukihifadhi, amri ukiituma, na namba zinazorudi.

Kwa mtu wa Virginia hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa Nyeri ni kama kutolewa jiwe kwenye kiatu. Na pamoja na hilo, kila kitu kikawa dirisha moja: msimbo juu, terminali chini, na kwenye terminali hiyo unaweza kuweka amri hii ikae muda wote:

nvidia-smi --query-gpu=utilization.gpu,memory.used,power.draw,temperature.gpu --format=csv -l 5

Kila sekunde tano inakupa mstari mmoja: GPU inatumika kiasi gani, kumbukumbu iliyoshikwa, wati zinazoliwa, na joto. Ndiyo sauti ya feni imerudi, ila kwa maandishi. Watu wametengeneza pia viendelezi vinavyoweka namba hizo kwenye ukanda wa chini wa kihariri, mahali ambapo macho yako yanapita mara mia kwa siku. Faida yake ni kwamba hulazimiki kukumbuka kwenda kuangalia.

Namba inayodanganya

Hapa nataka kutoa onyo kwa wanaoanza. Ile namba ya asilimia ya matumizi haina maana ambayo wengi tunaidhania.

Kwa maelezo ya Nvidia wenyewe, ni asilimia ya muda, katika kipindi kifupi kilichopita, ambapo kulikuwa na angalau kazi moja ikiendeshwa kwenye GPU. Haisemi ni sehemu gani ya GPU iliyokuwa ikitumika. Ni kama kusema matatu ya Nyeri kwenda Nanyuki ilikuwa barabarani siku nzima. Sawa, ilikuwa barabarani. Lakini ilibeba abiria 14 au mmoja?

Kwa hiyo ukiona 100% usishangilie bado. Tazama wati. Kadi inayoweza kula wati 300 ikiwa inakula 90 huku imeandika 100%, basi matatu yako inazunguka na abiria mmoja. Ukiona namba inaruka kutoka 0 hadi 95 na kurudi 0, mara nyingi tatizo haliko kwenye GPU, ni data inayochelewa kufika kutoka diski. Na ukiona kumbukumbu imeshikwa yote lakini matumizi ni 0 kwa dakika kumi, kuna kitu kimekwama. Hapo ndipo bili inapokula bure.

Funzo la mlimani

Sasa turudi kwenye swali la mkubwa wangu. Je, ningekuwa na namba hizo kwenye kihariri ile Ijumaa, ningeokoka?

Hapana. Laptopu ilikuwa imefungwa, iko kwenye begi, ndani ya matatu.

Kuna kituo upande wa kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilichofunguliwa mwaka 1999. Ni cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kimo kwenye mtandao wa dunia wa kufuatilia hali ya anga, na Waswisi wamekisaidia kwa vifaa na utaalamu. Tangu 2002 kimekuwa kikipima ozoni na kaboni monoksidi. Matatizo ya umeme yaliwahi kuacha mapengo katika takwimu zake. Watu wa kituo kile walijifunza zamani jambo nililojifunza mimi kwa shilingi 24,000: kifaa kilicho mbali hakitegemei macho ya mtu aliye bondeni. Lazima kiweze kujitegemea pale kilipo.

Hapa karibu, watafiti wa Dedan Kimathi wamejenga vipima maji kwenye mto Muringato na kamera za wanyama zinazoendeshwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani. Ni somo lilelile. Kamera iliyo porini inapiga picha mnyama anapopita, si wewe unapoingia kwenye mtandao.

Na laini zetu bado zinakatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Mashine ya kukodi iliyoko Ireland haikujua wala haikujali, iliendelea kuhesabu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya kusini mwa Afrika, intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama hizo kihariri chako ni dirisha lililofungwa pazia.

Basi siku hizi nafanya mambo mawili. Naangalia kupitia kihariri nikiwa nimekaa, kwa sababu ndipo macho yangu yalipo. Lakini mlinzi mwenyewe naye namweka kulekule kwenye mashine. Kazi inaanzia ndani ya tmux. Pembeni yake inakaa skripti ya mistari isiyofika 20: kila dakika inasoma matumizi ya GPU, na yakiwa chini ya asilimia 5 kwa dakika 30 mfululizo, inahifadhi kumbukumbu za kazi mahali salama na kuzima mashine. (Angalizo: kwa baadhi ya watoa huduma, kuzima ukiwa ndani ya mashine hakusimamishi bili, ni lazima uiachilie kupitia mfumo wao. Na diski huendelea kulipiwa hata mashine ikiwa imezimwa. Soma masharti kabla ya kulala!) Kabla ya yote, sasa inapima pia nafasi iliyobaki kwenye diski. Yaliyonipata yametosha.

Mfugaji wa Laikipia hawachungi ng'ombe wake kwa darubini akiwa Nairobi. Anaweza kupiga simu kuuliza habari, na ni vizuri apige. Lakini anahitaji mchungaji aliye pamoja nao, anayejua la kufanya simu isiposhika.

Wiki iliyopita modeli ya kahawa ilimaliza kufunzwa saa nane usiku. Mashine ikajizima yenyewe saa nane na nusu. Nilijua asubuhi, nikiwa na chai mkononi. Nikamwonyesha mkubwa bili. Akaisoma, akanirudishia, akasema tu: "Sasa unaiangalia."

Haya, kwa leo niishie hapa. Siku njema, na mzime mashine zenu.